Bagamoyo, Mji wa Watu wa Kuja

Ndugu msomaji, mimi ninakaa Kiwalani, Dar es Salaam. Kiwalani iko karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu ya mapaa yetu, mazungumzo husimama kidogo, kisha huendelea. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita. Yumo Mhehe, yumo Mndengereko, yumo Mpare, na yumo mama mmoja wa Kigoma anayeuza dagaa. Maji tunachota bomba moja. Bili ya umeme tunachangia, na kila mwezi tunagombana kidogo.

Siku moja palikuwa na mkutano wa mtaa. Tulikuwa tunazungumza juu ya mfereji unaofurika wakati wa masika. Kijana mmoja alisimama kutoa maoni yake. Kabla hajamaliza, mzee mmoja akamkata. Akamwambia, "Kaa chini. Wewe ni mtu wa kuja tu. Waache wenyeji waseme."

Kijana akakaa. Mkutano ukaendelea. Lakini maneno yale hayakunitoka kichwani. Mimi nami ni mtu wa kuja. Na mzee yule, kama ninavyojua mimi, alikuja Kiwalani akiwa kijana na sanduku lake kichwani. Basi nikajiuliza: mtu huacha lini kuwa mgeni? Ni nani hasa anayeitwa mwenyeji?

Niliona heri niende kwenye mji ambao umekuwa ukipokea watu kwa miaka mingi kuliko Dar es Salaam. Nikaenda Bagamoyo.

SAFARI

Kutoka Dar es Salaam mpaka Bagamoyo hazifiki kilomita 80, na njia yote ni lami. Basi hupita Tegeta na Bunju. Kisha huvuka daraja la mto Mpiji, na hapo unaingia Mkoa wa Pwani. Baadaye unapita Mapinga, Kerege na Zinga. Pande zote mbili utaona minazi, miembe na mikorosho. Siku hizi utaona pia nyumba nyingi mpya, maana watu wa Dar es Salaam wanajenga kuelekea huko.

Nilishuka nikaelekea pwani kwa miguu. Mji wa zamani uko chini, karibu na bahari. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zina milango mizito iliyochongwa maua. Nyingine nzima, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota ndani.

Karibu na soko la samaki niliwakuta wazee watatu wamekaa barazani wakinywa kahawa. Niliwaamkia, "Shikamooni, wazee." Wakaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibu." Nilipewa kikombe kabla sijaulizwa jina. Nikawaeleza shida yangu. Nikawauliza, "Wazee wangu, hapa Bagamoyo wenyeji ni akina nani?"

Walitazamana wakacheka. Mmoja wao, ambaye wenzake walimwita Babu, akasema, "Swali hilo lina miaka mingi. Kwanza nenda Kaole, halafu nenda misheni. Ukirudi tutazungumza."

WENYEJI WALIOTOKA MBALI

Kaole iko kusini ya mji, mwendo wa kiasi cha kilomita 5. Hapo yapo magofu, yaani majengo ya kale yaliyobomoka. Msikiti mmoja ulijengwa karne ya 13. Hiyo ni zaidi ya miaka 700 iliyopita. Yapo na makaburi ya mawe, mengine yana nguzo ndefu. Zamani Kaole ilikuwa bandari. Baadaye mikoko ilisogea, matope yakajaa, na majahazi hayakuweza tena kufika karibu. Biashara ikahamia Bagamoyo.

Watu waliotawala pwani hii waliitwa Washomvi. Wakuu wao waliitwa madiwani na majumbe. Hawa ndio waliojiita wenyeji. Lakini hata wao walisema kwamba wazee wao walitoka Barawa, mji ulio katika nchi ya Somalia! Walikuja kwa chombo, wakakaa, wakaoa.

Nyuma ya Washomvi, bara kidogo, walikuwa Wazaramo. Wazee husimulia kwamba zamani Wakamba waliivamia pwani hii. Washomvi walizidiwa. Wakapeleka habari kwa Wazaramo kuomba msaada. Wazaramo wakaja na mkuu wao, aliyeitwa Pazi, wakawafukuza Wakamba. Tangu siku hiyo Washomvi waliahidi kuwapa Wazaramo sehemu ya mapato ya mji kila mwaka. Malipo hayo yaliitwa kanda la pazi.

Mimi hadithi hii ilinipendeza sana. Walikubaliana Wazaramo wale sehemu ya mji kwa sababu waliulinda. Katika habari hii hatusikii mtu akimwuliza mwenzake amezaliwa wapi.

MZIGO WA FRASILA MBILI

Karne ya 19 Bagamoyo ilikua haraka. Ng'ambo yake ni Unguja, na Unguja palikuwa na Sultani na wafanyabiashara wa mataifa mengi. Bidhaa iliyotakiwa sana ilikuwa pembe za ndovu. Pembe zilitoka bara, mbali sana, kupitia Tabora na Ujiji. Zilibebwa na watu kichwani na begani, kwa maana hapakuwa na gari wala reli.

Wabebaji hao waliitwa wapagazi. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32. Alitembea na mzigo huo mamia ya kilomita. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na msafara ulichukua miezi mitatu au zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Si kweli. Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru. Walifanya kazi hiyo kwa malipo, wakapatana bei, na wakionewa walitupa mizigo wakaondoka. Walipofika Bagamoyo walijenga vibanda na kukaa wiki au miezi wakingoja msafara wa kurudi. Walicheza ngoma, walinunua nguo, na baadhi yao hawakurudi tena kwao.

Ndiyo maana watu husema jina la mji huu limetokana na maneno "bwaga moyo". Mpagazi akiiona bahari alibwaga moyo, yaani aliutua wasiwasi wake akapumzika. Wapo wanaosema maneno hayo yalikuwa ya watumwa: acha moyo wako hapa, hutaiona tena nchi yako. Mimi naona maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, kwa sababu wapagazi ndio waliokuwa wengi. Lakini ya pili siwezi kuyacheka. Watumwa nao walipita hapa, wakavushwa kwenda Unguja na mashambani. Wengine walibaki papa hapa Bagamoyo wakilima mashamba ya matajiri.

Pembe ziliwaita na watu wengine. Waarabu wa Omani walikuja, wakawa na mashamba ya minazi. Wabaluchi walikuja wakiwa askari wa Sultani. Wahindi walikuja na maduka yao: Waismailia, Wahindu, Mabohora. Waliwakopesha wenye misafara fedha, nguo na shanga. Wagoa nao walikuja. Kutoka jirani walikuja Wakwere, Wadoe na Wazigua, wakileta mahindi, mtama na kuku. Na kutoka mashariki ya Kongo walikuja Wamanyema, wengine kwa hiari, wengine kwa kamba.

Mhindi mmoja afaa kutajwa kwa jina. Aliitwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Alitajirika kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa. Alijenga jengo la shule Bagamoyo, akaikabidhi serikali ya Wajerumani kwa sharti moja: shule hiyo iwapokee watoto wa rangi zote. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali. Alifariki mwaka 1897. Ukienda Hospitali ya Muhimbili leo, utaona jengo linaloitwa Sewa Haji. Wagonjwa wengi hulala humo bila kujua kwamba jina hilo ni la mtu.

MISHENI

Kutoka sokoni nilipita njia ya miembe mikubwa mpaka misheni ya Wakatoliki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Unguja. Waliwanunua watumwa, hasa watoto, wakawaacha huru na kuwajengea kijiji. Watoto hao walifundishwa kusoma, kulima na ufundi. Walikuwa wa makabila mengi mno. Wengine walichukuliwa wadogo sana hata hawakuweza kusema kwao ni wapi. Kijiji hicho kikawa ndicho kwao.

Ipo pia habari ya Livingstone, msafiri Mwingereza. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya miezi mingi njiani. Mwili ulilazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Mnara wa kanisa hilo bado upo, nao huitwa mnara wa Livingstone. Mimi ningeuita mnara wa Susi na Chuma, kwa sababu hao ndio waliotembea.

VITA YA 1888

Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika bandari za pwani na kutoza ushuru. Walipandisha bendera yao na kuwadharau wakuu wa mji. Watu wa pwani wakakataa. Kiongozi mashuhuri alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani. Kaskazini, Sadani, alikuwapo Bwana Heri.

Waliopigana hawakuwa kabila moja. Walikuwamo Washomvi, Wazaramo, Waarabu, watumwa na wapagazi wa bara. Si kwamba wote walipendana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mwarabu aliogopa kupoteza mashamba, jumbe aliogopa kupoteza ushuru, na mtumwa labda alitaka bunduki tu na nafasi ya kusimama wima. Hata hivyo walisimama upande mmoja. Manowari za Wajerumani zilipiga mizinga mji wa Bagamoyo, nyumba zikaungua. Watu wengi walikimbilia misheni, nao wapiganaji hawakuishambulia misheni.

Mwaka 1889 Wajerumani walileta ofisa mmoja aitwaye Wissmann. Alikuja na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji. Mei mwaka huo waliliteka boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo nako walinyongwa watu. Na wale askari wa Sudani? Wengine walikaa Tanganyika, wakaoa, wakazaa. Mji na nchi vikapata kabila jingine.

Kwa muda mfupi Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Lakini maji yake ya pwani ni mafupi, na meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka 1891 makao makuu yalihamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ya kati nayo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikapanda gari moshi. Wapagazi wakaacha kuja. Mji uliojaa watu ukabaki na minazi, samaki na chumvi.

WATU WAWILI

Nataka kukueleza habari za watu wawili wa mji huu, maana wao ndio walionijibu swali langu kuliko magofu.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, naye alikuwa Mzaramo aliyesoma sana dini. Aliandika desturi za watu wa pwani: harusi, mazishi, ngoma, biashara na utumwa. Maandishi hayo yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, na mpaka leo wataalamu wanayasoma. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 alirudi nyumbani kwa meli pamoja na mkewe. Walipofika Dar es Salaam, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakuwaruhusu kushuka pamoja. Mwafrika mwenye mke mzungu hakutakiwa katika koloni. Mtoro akauona mji na minazi, akarudishwa Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu aliyeandika desturi zetu kwa mkono wake alizuiwa mlangoni pa nchi yake. Na waliomzuia walikuwa wamefika juzi tu!

Wa pili ni Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Umanyema, katika Kongo ya mashariki. Alikamatwa akiwa mtoto, akaletwa Bagamoyo, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu mmoja tajiri. Alikua hapo. Alifanya biashara, akanunua mashamba ya minazi. Alisoma dini mpaka akawa mwalimu, kisha akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Tarika ni njia ya kumwabudu Mungu pamoja, kwa dhikiri na maulidi. Waliomfuata walikuwa watu wa kila namna: watumwa wa zamani, Wazaramo, Wamanyema, hata waungwana waliokuwa wakiwadharau watumwa.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walimfanya Sheikh Ramiya kuwa liwali. Liwali alikuwa mkuu wa mji chini ya serikali. Utumwa ulikuwa haujafutwa bado. Sheria ya kuufuta katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Kwa hiyo mji ulikuwa na liwali aliyeletwa mtumwa, wakati kuna watu walioitwa watumwa bado. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake katika tarika. Mwana huyo baadaye aliiunga mkono TANU wakati wa kudai Uhuru. Maulidi ya Bagamoyo yalivuta watu kutoka sehemu nyingi za nchi.

BARAZANI TENA

Niliporudi sokoni jua lilikuwa limegeuka. Mashua zilikuwa zimeingia, na mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto. Mnadi alitaja bei kwa sauti kubwa, akina mama wakamjibu kwa vidole. Wengine walikuwa wanakaanga samaki papo hapo katika karai kubwa. Vijana wawili walipita na ngoma mabegani. Bagamoyo kuna Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, na vijana kutoka kila mkoa huja kusoma ngoma, muziki na michezo ya kuigiza. Watu wa kuja wengine hao.

Babu alikuwa bado yupo barazani. Nikamwambia yote niliyoyaona. Nikamwuliza tena, "Sasa Babu, wewe mwenyewe ni mwenyeji?"

Akahesabu kwa vidole. "Baba yangu Mshomvi. Bibi mzaa baba, Mdoe. Mama yangu, baba yake Mmanyema, alikuja hapa na msafara wa pembe. Mke wangu Mkwere. Binti yangu ameolewa na Mchaga, anakaa huko kwenu Dar es Salaam. Mjukuu wangu ukimwuliza kabila lake, anasema yeye ni wa Simba."

Tukacheka wote. Nikamweleza ya mkutano wetu wa Kiwalani, na mzee aliyemkalisha kijana chini. Babu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Huo mfereji, kijana alikuwa anataka usemwe nini?"

Nikasema sijui, hakumaliza.

"Basi ungemwuliza," akasema. "Maji yakija yataingia chumba chake kama cha mzee."

Sikuwa na jibu. Niliona haya, kwa maana hata mimi siku ile nilikaa kimya. Nikaaga, nikatoa fedha nilipe kahawa. Babu akakataa. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, kwenu hasa ni wapi?"

Nikamwambia, "Tabora, Babu. Mimi ni Mnyamwezi."

Akapiga kofi gotini. Wazaramo na watu wa pwani hii ni watani wa Wanyamwezi tangu siku za misafara. Akawageukia wenzake akapaza sauti, "Mmesikia? Mnyamwezi! Babu yake alibwaga mzigo hapa akakimbia. Leo mjukuu amekuja, na anataka kuondoka mikono mitupu!"

Wakaniita nirudi. Mmoja akaingia sokoni, akatoka na fungu la samaki limefungwa katika karatasi. Wakaniambia huo ndio mzigo wangu, niuchukue mpaka Kiwalani, na nisiubwage njiani. Usiku ule tulikula samaki wale nyumbani, vyumba vyote sita. Asubuhi nilikwenda kumtafuta yule kijana ili nimsikilize habari ya mfereji.